Siku Ishirini na Mbili za Mama

Bwenini, Raskazone, Tanga
Jumatano, 14 Januari 2026

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai wewe, ndugu yako Khalati Shadya na wale mapacha wake wachanga hamjambo huko Mombasa. Mimi mzima. Tumeshafungua shule, na kwa kuwa simu hapa ni marufuku, nimerudi kwenye barua.

Barua hii siipitishi kwa Shangazi Bimdogo kama ulivyoagiza. Usinikasirikie. Baba yake Sabra, msichana anayelala kitanda cha juu yangu, ni dereva wa lori la saruji. Anaitwa Mzee Badru. Leo amemletea Sabra godoro, na kesho anavuka mpaka wa Horohoro kuja huko. Nimempa barua hii pamoja na kofia mbili nilizofuma likizo nzima, huku nikimwambia Shangazi kwamba ni kazi ya mikono ya shule. Nilitaka zikufikie bila wewe kujua. Ya kijani ni ya yule uliyesema analia sana.

Kwenye simu, siku ya mwisho ya likizo, sauti yako ilikuwa imechoka. Mwambie Khalati naye aamke kubembeleza, watoto ni wake.

Mwaka huu nimekaa dawati la mbele. Mwalimu Hosea wa Biolojia anasema nikiendelea hivi hadi mtihani wa Novemba, sitakuwa na wasiwasi. Nataka ufurahi.

Wasalaam,
Mwanao, Wijdan

*

Mombasa
Jumapili, 18 Januari 2026

Mwanangu Wijdan,

Waalaykumu salaam. Mzee Badru alinifikia juzi na mfuko wako. Nilisoma barua, nikairudia, kisha nikamwita mume wangu aisome na yeye, maana nilidhani macho yangu yameanza kunichezea.

Mwanangu, mimi sijajifungua. Sina hata mimba. Nina miaka arobaini na tisa na kitinda mimba wangu anaota ndevu. Mama yako sijamtia machoni tangu arusi ya mwanangu Mazin, na hiyo ni mwaka juzi.

Nimempigia Mastura, hapokei. Nimempigia Bimdogo, akapokea, akaniambia, "Usimjibu mtoto," akakata. Lakini mimi pia nina binti. Siwezi kuona barua kama hii nikanyamaza, halafu nikala chakula kikashuka.

Nakurudishia kofia. Ni nzuri sana, ila vichwa sina.

Wako,
Khalati Shadya

*

Raskazone
Jumanne, 20 Januari 2026

Shangazi Bimdogo,

Shikamoo.

Nimepata jibu kutoka Mombasa. Nimekaa nyumbani kwako Ngamiani wiki tano, nikila nawe sahani moja. Kila jioni ulinipa simu niongee na mama, nawe ukakaa karibu ukitikisa kichwa nilipouliza habari za mapacha. Uliwapa hata majina.

Siulizi kwa nini. Nauliza mama yangu yuko wapi. Kama ameolewa niambieni. Kama amefungwa niambieni. Kama amekufa, na ile sauti ya likizo ndiyo ilikuwa ya mwisho, niambieni.

Wijdan

*

Dar es Salaam
Alhamisi, 22 Januari 2026

Mwanangu Wijdan,

Bimdogo amenisomea barua yako kwenye simu. Alipofika pale uliposema "kama amekufa", alishindwa kuendelea, nikasikia kilio badala ya maneno. Usimlaumu. Nilimwapisha mimi.

Niko Dar, hosteli ya wagonjwa, hatua chache kutoka hospitali ya saratani. Nimekuwa hapa tangu tarehe nane Desemba. Ninaumwa saratani ya mlango wa kizazi. Ile damu niliyokuwa nikisema ni mambo ya utu uzima, ya hedhi kukoma, haikuwa hayo.

Ngamiani unaijua. Mtu akiumwa jino, mtaa mzima unamuuguza. Akiumwa huku chini, mtaa mzima unamhukumu. Wangeanza kuhesabu: alikuwa na nani tangu mumewe afe. Sikutaka uende dukani kwa Haji kununua sabuni ukakuta watu wamenyamaza. Na huu ni mwaka wako wa mtihani. Nikawaza, nitakwenda, nitapona, nitarudi, na nitakwambia wale mapacha wamekua.

Habari njema ni hizi. Mionzi ya nje nimemaliza, siku ishirini na tano, na damu imekauka. Sasa ni mionzi ya ndani, mara nne, kila Jumanne. Ya kwanza nilifanyiwa juzi. Wanaingiza chombo kule kule penye ugonjwa, wanapiga picha, kisha mashine inatuma moto wake dakika chache. Inaumiza, lakini hakuna aliyeniambia haitaumiza. Kabla yake unatakiwa uwe umepata choo, ukojoe, kisha unywe chupa ya nusu lita, uikamilishe, ukae nayo saa nzima. Benchi zima tunakaa tumebana miguu. Bibi mmoja Mbondei wa Muheza alisema, "Wanangu waliniaga nakwenda kutibiwa, kumbe nimekuja kuwa mtungi." Tulicheka, na kucheka ndiyo hatari yenyewe.

Nesi wetu anaitwa Sista Anastazia. Mkali kwenye maji, mpole kwenye mengine.

Nisamehe, mwanangu.

Mama yako, Mastura

*

Raskazone
Jumamosi, 24 Januari 2026

Mama,

Shikamoo. Nimemshukuru Mungu kwamba uko hai. Hilo nimelitanguliza makusudi, kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Darasa la saba tulichomwa sindano ya kukinga ugonjwa huo huo. Nilirudi mkono unauma, ukaukanda kwa maji ya moto. Ulikuwa unaijua saratani hiyo kwa jina siku ile. Mimi ningeielewa. Kumbe kila usiku nilikuombea uvumilie kelele za watoto ambao hawapo. Sijui dua kama hizo huenda wapi.

Shangazi alijua. Dereva wa basi lililokuchukua alijua unakwenda Dar. Mimi, niliyekufungia sanduku, ndiye peke yangu niliyeipungia mkono Mombasa.

Nina neno moja tu na nimelifikiri kwa siku mbili: ulinidanganya, Mama.

Nitakusamehe kwa sharti. Kuanzia sasa usinifiche kitu. Kibaya, kizuri, cha aibu, uniambie. Uape.

Wijdan

*

Dar es Salaam
Jumatano, 28 Januari 2026

Mwanangu,

Wallahi sitakuficha. Nimeapa, na naanza leo leo.

Jana walinirudisha. Nilikunywa chupa yangu yote mbele ya Sista, nikakaa saa nzima, wakaniweka chombo, wakapiga picha. Daktari akaiangalia, akaiangalia na ile ya wiki iliyopita, akaguna. Kibofu changu ni kidogo mno, na kule nyuma pamejaa choo kigumu. Picha hailingani na ile waliyopimia dozi. Wakanipa chupa nyingine, wakangoja. Bado. Mwishowe wakakitoa chombo bila kuwasha mashine. Yaani nimeumia bure. Sista akaniuliza, "Mama Mastura, kweli umekunywa?" Nikamwambia, "Si umeniona?" Akasema, "Nimekuona," akakaa ananitazama.

Sasa hili lingine. Bimdogo halijui, Sista halijui, na wewe nakupa kama amana, usilitoe.

Nafunga. Ramadhani iliyopita damu ilinivunjia siku kumi na tano, na mwaka wa kabla yake siku saba. Ishirini na mbili, na zote sijazilipa, kwa sababu damu haikunipa nafasi. Sasa imekauka, Shaaban imeandama, na Ramadhani nyingine hiyo inakuja. Nianze mwezi mtukufu nikiwa na deni la miezi miwili? Na nikifa je, niende nalo? Siku ya matibabu sifungi, najua saumu haiwezi kusimama na chombo kile. Siku nyingine zote nafunga. Nimeshalipa sita. Daku yangu ni kikombe cha chai na kipande cha mkate. Wenzangu wanadhani sina hamu ya kula.

Hiyo ndiyo siri iliyobaki. Sasa huna mama mwongo.

Mastura

*

Shule ya Sekondari,
Raskazone, Tanga.
30 Januari 2026

Sista Anastazia,
Wodi ya Mionzi ya Ndani,
Dar es Salaam.

YAH: MGONJWA WAKO MASTURA, MAMA YANGU MZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mama yangu alirudishwa Jumanne kwa sababu picha haikulingana na ya kwanza. Uliuliza kama amekunywa maji. Amekunywa. Mama yangu hakukudanganya.

Nilimuuliza mwalimu wangu wa Biolojia, bila kutaja jina la mtu, kwa nini nusu lita ile ile ijaze kibofu wiki moja na isikijaze wiki nyingine. Alisema mwili uliokauka siku nyingi hujichukulia maji wenyewe kwanza, na kibofu hupata yanayobaki. Alisema pia utumbo mkavu hukausha choo.

Mama anafunga saumu kila siku isipokuwa Jumanne. Analipa siku za Ramadhani zilizompita kwa ajili ya damu. Ameniambia kwa amana na mimi naivunja, nikiwa na akili zangu timamu. Nilikaa siku nzima na barua yake ndani ya daftari kabla ya kuandika hii.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, asirudishwe tena. La pili, asijue ni mimi.

Barua hii anaipeleka basini Mwalimu Hosea, kwa ruhusa ya matroni.

Wako mtiifu,
Wijdan

*

Dar es Salaam
Alhamisi, 5 Februari 2026

Mpendwa Wijdan,

Marahaba. Barua yako nilikabidhiwa Jumatatu jioni wakati nafunga mlango. Nakujibu kama mtu mzima, kwa kuwa umeniandikia kama mtu mzima.

Dozi ya mama yako ilipangwa kwa picha ya kwanza: kibofu hapa, utumbo pale, ugonjwa katikati. Kibofu kikiwa na maji ya kiasi, huyainua matumbo yakakaa mbali. Kikiwa kidogo, matumbo hushuka. Choo kikijaa, njia yake husogea mbele. Mashine haijui hayo. Ingetoa dozi ile ile, ikaangukia mahali pasipotakiwa, na angekuja kutokwa damu upya, mara hii kwa sababu yetu. Ndiyo maana daktari alikataa. Lakini kuchelewa nako ni hatari. Wiki mbili zilikuwa zimeshapita, na ugonjwa huu ukipewa nafasi hurudi.

Jumanne hatukumgusa. Tulimnywesha maji, uji na mapapai siku mbili, na leo picha imelingana na ya kwanza. Amefanyiwa ya pili.

Ombi lako la pili sikuliweza, na kosa ni langu. Nilimuuliza hadharani, pale benchini: "Mama Mastura, jana ulifunga?" Nilikuwa na haraka. Aliniangalia, akasema, "Huyo aliyekwambia, sikumwambia mwingine ila yeye." Sikutaja jina. Hakuhitaji.

Jambo moja zaidi. Baada ya hapo niliwauliza wote waliokuwa benchini. Watatu walikuwa wanalipa saumu, na mmoja kati yao naye tulimrudisha mwezi huu tukamwita mbishi. Miaka yote tumekuwa tukiuliza, "Umekunywa?" Nao hujibu ndiyo, na ni kweli. Kuhusu jana na juzi hatukuuliza.

Anastazia

*

Dar es Salaam
Ijumaa, 6 Februari 2026

Wijdan,

Umesoma kitabu, ukaona mama yako ni ukurasa mmojawapo.

Nilikuficha ugonjwa, ukaniita mwongo, nikalimeza. Ukaniapisha nisikufiche, nikaapa kwa jina la Mungu. Nikakufungulia chumba ambacho hata Bimdogo hakijui, nawe ukaingiza watu. Benchi zima lilinigeukia. Wale niliokuwa nikicheka nao wakaanza kuninong'oneza, "Pole, kumbe ndiyo maana." Saumu ni ya mtu na Mola wake. Yangu imeandikwa kwenye faili la hospitali. Nimeiona, kwa wino mwekundu.

Na usinieleze habari za kibofu. Nimeelezwa, nimeelewa, sina ubishi. Ungeniandikia mimi. Ungeniambia, "Mama, acha, maji hayajai kwa sababu hii na hii." Ulifikiri nisingesikia? Hukunipa hata siku moja ya kusikia. Ulikwenda moja kwa moja kwa mgeni.

Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba ulisema. Ni kwamba hukunijaribu kwanza.

Nimelipa kumi na mbili. Zimebaki kumi, na nimekatazwa.

Usiniandikie kwa sasa.

Mastura

*

Raskazone
Jumatatu, 9 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Umesema nisiandike na ninaandika. Ongeza na hilo.

Ni kweli sikukujaribu. Nilianza barua yako kwanza, ninayo hapa, ina mistari minne. Niliiacha kwa sababu niliona utakavyojibu. Ungesema, "Sawa mwanangu, nimeacha," kwa mwandiko mzuri, halafu ungefunga. Kama ulivyosema, "Yule mmoja analia sana," nami nikamfumia kofia ya kijani.

Sikuwa na namna ya kujua lini unasema kweli, Mama. Hilo sikulisoma kwenye Biolojia.

Nimekuvunjia amana. Siwezi kusema ningeombwa tena nisingevunja. Kwa hiyo siwezi kuomba msamaha wote, naomba ule wa benchini tu. Hapo sikutaka ufike.

Wijdan

*

Ngamiani, Tanga
Jumamosi, 14 Februari 2026

Wijdan mwanangu,

Huyu ni shangazi yako mwongo. Nakuandikia kwa kuwa najua unahesabu siku.

Mama yako amefanyiwa ya tatu Jumanne, imekwenda vizuri. Ya mwisho ni Jumanne ijayo. Nilimuuliza kama barua yako imefika. Akasema imefika. Nikamuuliza, umeisoma? Akasema, "Bimdogo, nimekwambia imefika."

Nakuletea visheti siku ya kutembelea, kama utakubali kula vya kwangu. Wale mapacha majina niliwapa mimi kweli, na nilianza kuwapenda.

Bimdogo

*

Dar es Salaam
Jumanne, 17 Februari 2026

Mwanangu Wijdan,

Nimemaliza. Saa nne asubuhi mashine imezimwa mara ya nne. Sista Anastazia alinishika mkono, akaniomba radhi ya benchini, mbele ya benchi lile lile. Nimempa. Kwake ilikuwa rahisi.

Wagonjwa wapya sasa wanaulizwa chumbani, mmoja mmoja, mlango umefungwa: juzi ulikula nini, jana ulifunga, choo ulipata lini. Yule bibi wa Muheza anasema hajaulizwa hivyo tangu posa yake.

Leo wanatazama mwezi. Ramadhani hii daktari amenikataza yote. Nilimwita Shekhe wa msikiti wa karibu, nikidhani atanipa njia. Akasema, "Mungu amekupa ruhusa, wewe unairudisha kama kwamba imekosewa anwani?" Kwa hiyo sasa ni kumi za zamani na thelathini za mwezi huu. Arobaini.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma siku ile ile. Ulipotaja mtoto wa kofia ya kijani niliiweka chini ya mto, sikuitoa siku tatu, kwa sababu ni kweli ningekuandikia "nimeacha" na ningefunga. Ulinijua. Kujulikana hivyo na mtoto uliyemzaa hakupendezi.

Bado nina uchungu nawe. Sitakudanganya kwamba umekwisha, maana nimeapa. Pengine utakuwepo muda mrefu.

Lakini sina mwingine. Baada ya miezi mitatu watanipiga picha waone kama ugonjwa umekufa. Ikiwa haukufa, au nikitangulia mimi, sikiliza. Katika madhehebu yetu, aliyekufa na deni la saumu hufungiwa na walii wake, ndugu wa damu. Baba yako hayupo. Ni wewe. Arobaini hizi nakukabidhi. Ile amana ya kwanza ulinivunjia, na bado hii nakupa. Andika unijibu kwamba umezipokea, nipate kulala.

Jumapili napanda basi kurudi Tanga.

Mama yako, Mastura

*

Raskazone
Alhamisi, 19 Februari 2026

Mama yangu,

Ramadhani kareem, na shikamoo. Nimeipata barua yako kwa mkono wa Shangazi, kabla ya kipindi cha kwanza.

Tangu asubuhi nimejaribu kuandika "nimezipokea". Ni neno moja na ninajua lingekufurahisha. Lakini mimi na wewe tumeshaona maneno ya kufurahisha yanatufikisha wapi.

Sizipokei, Mama. Zote arobaini. Kalamu hii ninaijua itaandika nini nikiiruhusu: itaandika kwamba ukifa mimi nipo tayari. Sipo tayari. Siku hizo ni zako, umezikosa wewe, na Shekhe mwenyewe amesema zina ruhusa ya kungoja. Basi zingoje. Picha ya miezi mitatu itatoka Mei. Baada ya hapo Sista akikuruhusu, utaanza na moja, utanywa maji mengi usiku wake mbele yangu, nami nitakuwa pale nikikuchunga, na utanikasirikia kwa hilo pia.

Kwa hiyo andika tena jina langu miongoni mwa waliokunyima kitu. Usilale vizuri. Uamke ukikumbuka kwamba arobaini bado ziko juu yako na hakuna wa kukupokea mzigo huo.

Jumapili matroni ameniruhusu kutoka. Nitakuwa stendi kuanzia saa saba.

Mwanao,
Wijdan